Kutoa maoni kwenye muziki wa gemu uliohamishiwa mashine nyingine: mwongozo kamili

“Kali sana kaka, ila besi iko chini.” Maoni ya namna hii ndiyo yanayojaa kwenye magrupu ya WhatsApp kila anapotupia mtu wimbo wa gemu alioutoa mashine moja na kuuhamishia nyingine. Hayamfikishi popote. Aliyehamisha wimbo wa Super Nintendo kwenda NES, mashine ya Nintendo iliyoitangulia, hawezi kuipandisha besi hata akitaka, kwa sababu chaneli (njia moja ya sauti) ya pembetatu, ambayo kwa kawaida ndiyo hubeba besi kwenye NES, haina kidhibiti cha sauti. Inalia au imenyamaza, basi.

Mtoa maoni mzuri hutenganisha mambo matatu ambayo sikio peke yake huyachanganya. Kuna kosa: noti si yenyewe, kasi si yenyewe, lupu (pale wimbo unaporudi mwanzo) inakwama. Kuna uamuzi: fundi aliacha gitaa la pili ili apate nafasi ya mwangwi, na angeweza kuamua vingine. Kisha kuna mpaka wa mashine, ambao hakuna wa kulaumiwa. Kosa unalitaja, uamuzi unauulizia, mpaka wa mashine unatafuta njia ya kuuzunguka au unakaa kimya. Mwongozo huu unatumia NES kama mfano mkuu, kwa kuwa ndiyo mashine inayobana kuliko nyingi na ndiyo wengi huanzia.

Omba vitu hivi kabla ya kubonyeza pleya

Omba faili la traka lenyewe, yaani lile la FamiTracker au Furnace, programu ambazo muziki huandikwa mstari kwa mstari, usiridhike na rekodi. Kwenye faili utaweza kuzima chaneli moja moja na kuona noti zilivyoandikwa. Na kwa anayehesabu bando, ni nafuu mno: wimbo wa dakika 3 kwa WAV ya kawaida (sterio, biti 16, 44.1 kHz) hula karibu MB 32, wakati faili la traka aghalabu ni KB chache. Watu wawili, mmoja Mtwara Mjini na mwingine Lindi, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka hapo, wanaweza kubadilishana matoleo hata kumi kwa bando lisilotosha WAV moja.

Ikibidi rekodi, mwambie aitume kama dokumenti. Asiichezeshe kwenye spika halafu akairekodi kwa kitufe cha sauti cha WhatsApp. Sauti ya namna hiyo hubanwa kwa ajili ya maongezi, na kinachoumia kwanza ni chaneli ya kelele, yaani ngoma zote. Ukikosoa ngoma kwenye rekodi hiyo, unaikosoa simu.

Muulize pia ni toleo lipi la asili alilofuata. Wimbo mmoja wa gemu unaweza kuwa na la Japani, la Ulaya linalokwenda polepole, na la kwenye CD lililopangwa upya na wanamuziki. Usipouliza, utamwambia ameruka kipande ambacho kwenye gemu hakikuwahi kuwepo.

Mwisho, wimbo ni wa kusikilizwa tu au utaingia kwenye gemu? Ukiingia kwenye gemu, milio ya kuruka na kupiga risasi itanyakua chaneli moja kila inapotokea, na mara nyingi ni moja ya palsi, zile chaneli mbili ambazo kwa kawaida hubeba melodi. Melodi kuu ikiwa imekaa palepale, itakatika kila mchezaji akiruka. Kwa wimbo wa kusikilizwa tu, suala hilo halipo na usilitaje.

Chumba na spika

Zima feni. Joto la pwani yetu linajulikana, lakini mvumo wa feni uko jirani sana na sauti ya chaneli ya kelele, na haihati (ule mlio wa “ts” wa ngoma) ikiwa ndogo humezwa kabisa. Vumilia dakika tano, kisha iwashe.

Tumia hedifoni, hata za bei ndogo, kwa kazi yenyewe. Sabufa ya sebuleni haifai kuwa hakimu: inatutumua besi, na pembetatu iliyokaa sawa itaonekana imezidi. Spika ya simu nayo ina kosa la kinyume. Besi ya 55 Hz haitoki kabisa kwenye kispika cha simu. Ukiisikia unasikia vivuli vyake vya juu tu, yaani milio hafifu ya juu inayoambatana nayo. Ndiyo asili ya yale malalamiko ya “besi iko chini”. Hata hivyo sikiliza kwa simu mara moja mwishoni, kwa sababu wasikilizaji wengi watausikilizia hapohapo, na ushauri wa “pandisha besi oktava moja kwenye kiitikio” unaweza kuwa wa maana ukitoka huko.

Kuna tahadhari moja kwa wenye zile mashine za kuiga NES, za kaseti, ambazo bado zinapatikana. Nyingi zake zimebadilisha upana wa mawimbi ya palsi: unapoandika 25% inatoka 50%, na 50% inatoka 25%. Zile za 50 Hz huchezesha wimbo wa 60 Hz kwa kasi iliyopungua kwa sehemu moja ya sita, huku noti zikibaki karibu palepale. NES halisi ya Ulaya hushusha na noti pia, zaidi kidogo ya nusu toni. Kwa hiyo ukisikia melodi imekuwa nene na wimbo umezubaa kwenye mashine ya namna hiyo, rudi kwenye emuleta (programu inayoiga mashine) iliyowekwa 60 Hz kabla hujaandika neno.

Sikiliza mara ya kwanza bila ya asili

Watu wengi huanza kwa kuweka asili na toleo jipya sambamba. Usifanye hivyo. Sikiliza toleo jipya peke yake kuanzia mwanzo hadi lupu irudi mara ya pili, bila kusimamisha, na andika dakika tu pale sikio linapokwaruzwa: 0:24, 0:51, 1:12. Usiandike sababu. Hisia hii ya kwanza haipatikani tena ukishausikia mara tano, na ndiyo atakayokuwa nayo msikilizaji wa kawaida.

Baada ya hapo ndipo ulinganishe. Weka sauti za pande zote mbili zilingane, maana kilicho juu zaidi sikio hukiona bora hata kama ni kibovu. Kwenye Audacity kuna kifaa cha kusawazisha uzito wa sauti. Weka namba ileile pande zote. Asiye na kompyuta apunguze kwa mkono mpaka melodi zote mbili zimkae sawa sikioni.

Kasi: usiseme “unakimbia”, pima

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na ndipo maoni yenye namba yana nguvu kuliko yote. Kwenye FamiTracker, tempo ikiwa 150 ya kawaida, spidi ni idadi ya fremu (picha za skrini, 60 kwa sekunde kwenye 60 Hz) kwa kila mstari. Kwa mistari minne kwa pigo na mashine ya 60 Hz, spidi 5 inatoa mapigo 180 kwa dakika, spidi 6 inatoa 150, spidi 7 inatoa 128.6, na spidi 8 inatoa 112.5. Kati ya hizo hakuna kitu. Wimbo wa asili wa mapigo 140 hauna spidi yake, na fundi akichagua 6 utakimbia, akichagua 7 utalala.

Chukua saa ya simu, hesabu mapigo 32 kwenye asili, kisha mapigo 32 kwenye toleo jipya. Kwa mapigo 140 kwa dakika utapata sekunde 13.7. Kwa spidi 6 utapata 12.8, kwa spidi 7 utapata 14.9. Tofauti ya sekunde moja kwenye mapigo 32 kila mtu anaisikia, hata asiyejua kuieleza.

Dawa ni kupokezana: mstari mmoja uandikwe F06 (amri ya spidi 6), unaofuata F07, hivyohivyo hadi mwisho. Wastani ni 6.5, sawa na mapigo 138.5, na mapigo 32 yatachukua sekunde 13.9. Furnace ina sehemu maalumu ya kupanga mpokezano huo bila kuuandika mstari kwa mstari. Maoni yako sasa yana umbo: mapigo 32 ya mwanzo ni sekunde 12.8, asili ni 13.7, jaribu 6 na 7 kwa kupokezana. Hakuna anayeweza kubisha hilo, wala kukasirika.

Kosa la pili la kasi ni la nyimbo za mapigo matatumatatu. Traka hufunguka zikiwa na mistari minne kwa pigo, na fundi mgeni huukandamiza wimbo wa tatu kwenye gridi ya nne. Matokeo yake noti ya kati au ya mwisho huchechemea. Aliyekua akisikia sindimba Newala au Tandahimba atalinasa kosa hili kabla hajajua jina lake. Ushauri ni kubadili gridi: mistari mitatu au sita kwa pigo, na pateni (kipande kimoja cha mistari kwenye traka) iwe na mistari 48 au 96 badala ya 64. Hesabu ya spidi nayo hubadilika, kwa hiyo itaje hoja hii kwanza kabla ya nyingine zote, kwani itamlazimu kupanga upya.

Noti, kuanzia chini kwenda juu

Zima chaneli zote, acha besi. Besi iliyokosea hufanya melodi sahihi ionekane imekosea, na ukianza juu utasahihisha kisicho na ugonjwa. Kwenye FamiTracker, noti ileile ikiandikwa kwenye pembetatu husikika oktava moja chini kuliko kwenye palsi. Aliyekopi besi kutoka palsi bila kukumbuka hilo atakuwa na besi iliyozama mno. Kwa upande mwingine, palsi haiwezi kushuka chini ya A ya 55 Hz. Besi ya palsi ikipanda oktava ghafla katikati ya mteremko, pengine fundi aligota kwenye ukuta huo. Mshauri ahamishe mteremko mzima, si noti moja.

Melodi yenye mwendo wa haraka ipunguze kasi kwa nusu kwenye Audacity bila kubadili noti, uifuate kwa sauti yako mwenyewe ukiimba. Ukiimba, mdomo hugundua shapu iliyosahaulika kabla ya sikio.

Noti za juu sana zikionekana zimetoka kidogo, angalia kwanza ni zipi. Chipu ya NES hupanga noti kwa namba nzima, na juu huko nafasi kati ya namba na namba ni pana. A ya 440 Hz inakaa karibu kabisa, lakini A ya 1760 Hz ina kasoro ya senti 12 hivi, ambapo nusu toni ni senti 100. Huo ni mpaka wa mashine. Ushauri pekee wenye maana ni kushusha kipande oktava moja, na mara nyingi hautahitajika.

Chaneli nane kuingia tano: hapa uliza, usihukumu

Super Nintendo ina chaneli nane za sampo, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa. NES ina palsi mbili, pembetatu, kelele, na chaneli moja ya sampo iitwayo DPCM. Lazima kuna kilichoachwa. Orodhesha ulichokosa, kisha uliza kama kiliachwa kwa makusudi.

Kodi (noti zinazolia pamoja) za noti tatu huwekwa kwenye palsi moja kwa apejio, noti zikipokezana kila fremu. Kwa 60 Hz mzunguko wa noti tatu hurudi mara 20 kwa sekunde, na sauti yake hutetemeka kama mlio wa simu za kitochi. Wapo wanaoipenda, wapo inaowachosha. Huo ni uamuzi wa fundi. Ikiwa inakera kweli kwenye kipande cha taratibu, pendekeza kodi ya noti mbili kwenye palsi mbili, au apejio ibaki mwanzo tu wa kodi kisha ikae kwenye noti moja.

Kuhusu sauti kubwa na ndogo, palsi na kelele zina ngazi 16, kutoka 0 hadi 15. Pembetatu haina. Kwa hiyo “punguza besi” na “ongeza besi” zote zinabadilika kuwa maoni juu ya chaneli nyingine: shusha palsi kutoka 15 hadi 10, na besi itajitokeza yenyewe. Ikizidi, fupisha noti zake ziwe na pengo.

Kuna hitilafu moja inayowapoteza hata wazoefu. Besi iko sawa mwanzoni, halafu inafifia baada ya ngoma ya sampo kupigwa, na hairudi. Fundi hutafuta kosa kwenye besi na hakuna. Chanzo ni sampo: ikimalizikia juu, kihesabu cha DPCM hubaki na thamani kubwa, na namna chipu inavyochanganya sauti hufanya pembetatu na kelele zishuke. Dawa ni kukata sampo iishie chini, au kuandika Z00 (amri ya kukirudisha kihesabu hicho sifuri) kwenye chaneli ya DPCM baada yake, huku ukisikiliza kama kuna mdundo mdogo wa “tk” unaojitokeza. Ukilitambua hili kwenye wimbo wa mtu umemwokolea usiku mzima.

Sampo zenyewe ni fupi: kwa kasi ya juu kabisa, sampo moja ndefu haizidi sekunde moja. Kumwambia mtu aweke sauti ya mwimbaji ya sekunde nne ni kumwambia asichoweza.

Mashine nyingine zina kuta zake, na inatosha kuzijua chache. Mega Drive ina chaneli sita za FM (sauti zinazoundwa na chipu yenyewe, si rekodi), ila ya sita hupotea ngoma za sampo zikiingia, na palsi zake haziendi chini ya 110 Hz hivi. Chaneli ya wimbi ya Game Boy ina ngazi nne tu: kimya, 25%, 50%, 100%. Kwenye Super Nintendo kumbukumbu yote ya sauti ni KB 64, na mwangwi hula KB 2 kwa kila milisekunde 16. Mwangwi mrefu kabisa, wa milisekunde 240, unachukua KB 30. Ukisema “ongeza mwangwi”, umesema pia “punguza ala”.

Lupu

Sikiliza mshono mara mbili, si mara moja. Mara ya kwanza wimbo huanza na chipu tupu; mara ya pili huanza na mabaki. Vibrato iliyowashwa mwishoni na kutozimwa itaingia kwenye noti za mwanzo, ala ya mwisho itaendelea kulia, sauti iliyoshushwa itabaki chini. Ikiwa mzunguko wa pili ni tofauti na wa kwanza, karibu kila mara ni amri iliyoachwa wazi. Na ukihisi kikwazo kidogo kwenye mshono, hesabu mistari ya pateni ya mwisho: mmoja umezidi au umepungua.

Kuandika

Andika kwa mpangilio wa uzito, si wa dakika. Hoja tano zinatosha kwa awamu moja. Ukiwa na kumi na tano, tano za kwanza zikirekebishwa nyingine huondoka zenyewe. Kila hoja iwe na dakika au namba ya pateni, chaneli, ulichosikia, na iko kundi gani. Mfano kamili, unaofaa kubandikwa kwenye grupu au, vizuri zaidi, kutumwa pembeni kwa fundi mwenyewe:

“Kaka, nimesikiliza toleo la 2 kwa hedifoni, NES ya 60 Hz, nikilinganisha na la ndani ya gemu. KOSA: mapigo 32 ya mwanzo ni sekunde 12.8, asili ni 13.7, jaribu F06 na F07 kwa kupokezana. KOSA: pateni 05, palsi 1, mstari wa 24, umeandika F, asili ni F shapu; inajirudia pateni 09. KOSA: besi inafifia kuanzia 0:51 baada ya sneya ya sampo, angalia sampo inaishia wapi. UAMUZI: filimbi ya 1:12 haipo, umeiacha kwa ajili ya mwangwi? Mimi ningeutoa mwangwi hapo, ila wewe ndiye mwenye kazi. MASHINE: noti za juu za mwishoni zimetoka kidogo, usihangaike nazo. Mwangwi wa palsi 2 kwenye beti ya kwanza uache kama ulivyo, kuchelewa mistari mitatu ndiko kumeujaza wimbo.”

Sifa ya mwisho hapo haipo kwa adabu tu. Inamwambia asiguse kitu gani wakati anarekebisha vingine, na bila hiyo fundi mwenye hofu hubomoa hata kilicho kizuri. Anayeanza mpe makosa mawili, sifa moja, basi. Na kama umemzidi umri, “dogo” kwenye grupu mbele ya watu huweza kumfanya ajibu kwa kiburi. Tumia “kaka” au “dada” tu.

Usipojua sababu, andika ulichosikia na uache. “0:37 kuna kitu kinakwaruza, sijajua ni chaneli ipi” ni maoni halali. Kubuni sababu ya kitaalamu ndiko kunakopoteza muda wa mtu.

Awamu ya pili

Toleo jipya likija, anza na hoja zako za zamani peke yake, uziweke alama: imekwisha, bado, ameamua kuacha. Aliyoamua kuacha usiyarudie. Kisha sikiliza wimbo mzima mara moja, kwa sababu marekebisho ya kasi mara nyingi huvunja apejio na mwangwi uliokuwa umekaa sawa. Hoja mpya ziwe tu zile zilizozaliwa na marekebisho.

Kabla faili halijasambazwa, angalia maelezo yake. Faili la NSF (muziki wa NES ulio tayari kuchezwa) lina nafasi tatu, za jina la wimbo, la mtunzi na la mwenye haki, kila moja herufi 31 tu. Jina la mtunzi wa asili likae kwenye nafasi ya mtunzi, na la aliyehamisha lifuate kama nafasi inatosha. Isipotosha, liende kwenye maelezo yanayoambatana na faili. Muziki unabaki wa mwenyewe kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, kwa hiyo anayetaka kuuuza au kuuweka kwenye gemu ya biashara anahitaji kibali cha mwenye haki, na ukiona dalili hiyo mwambie mapema, kwenye ujumbe wa pembeni.